Je, ujira ufuate kazi au ufuate mahali anapolala mfanyakazi?

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu, aliyewagawia viumbe riziki zao kwa hekima yake. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, miezi miwili iliyopita, baada ya swala ya Isha, mzee mmoja wa mtaani kwetu alinisubiri barazani mwa msikiti mpaka watu wakatawanyika. Tulipoketi akaniambia: "Sheikh, nimekuja na maswali mawili juu ya kijana wangu. Nakuomba unijibu kwa yale inayoyataka dini, si kwa yale yatakayonifurahisha."

Kijana wake ni mtengenezaji wa programu za kompyuta. Hana ofisi, anafanya kazi katika chumba cha uani cha nyumba ya baba yake, hapa Dar es Salaam, kwa mkataba na kampuni ya ng'ambo. Katika kundi lake wamo wenzake watatu: mmoja yuko California, mmoja Poland na mmoja India. Wote wanne hupokea kazi kutoka kwa msimamizi mmoja, hukaguana kazi zao wenyewe kwa wenyewe, na kosa la mmoja husahihishwa na mwingine. Siku moja karatasi ya mishahara ilitumwa kwa bahati mbaya kwa watu wasiohusika, naye akawa miongoni mwa walioipata. Akaona kuwa mwenzake wa California, mwenye cheo kile kile na aliyeajiriwa baada yake, analipwa zaidi ya mara tatu ya mshahara wake. Alipouliza, msimamizi hakuficha. Alimjibu kwa upole kuwa kampuni humlipa kila mtu kulingana na mahali anapoishi.

Ndipo binamu yake aliyeko Uingereza akampa shauri: andika anuani yangu, sema umehamia huku, watakupandishia mshahara, na ile tofauti tutagawana.

"Swali la kwanza," akasema yule mzee, "je, mwanangu anadhulumiwa? Na la pili, je, anayo ruhusa ya kuandika anuani ya binamu yake?"

Nilimwomba anipe siku chache. Swali hili si la nyumba moja. Zipo familia nyingi za Kiislamu, hapa na Mombasa na Nairobi na kwingineko, ambazo leo ada za watoto na dawa za wazazi zinatoka katika kazi za namna hii. Nimeona ni vyema majibu niliyompa yule mzee niyaandike hapa, ili anufaike nayo mwingine mwenye shida kama yake.

Jambo hili lilikotoka

Kwamba ujira hutofautiana baina ya mji na mji si habari mpya. Ibn Khaldun, aliyeandika Muqaddima yake mwaka 1377, aliuchunguza mlango huu kwa makini. Aliwalinganisha watu wa Fez na watu wa Tlemcen, kadhi kwa kadhi, mfanyabiashara kwa mfanyabiashara, fundi kwa fundi, na akaonyesha kuwa yule wa Fez ana kipato kikubwa na matumizi makubwa kuliko mwenzake. Hata ombaomba wa Fez, alieleza, hali yake ilikuwa bora kuliko ya ombaomba wa Tlemcen. Sababu aliyoitaja ni ustawi wa mji: watu wakiwa wengi na kazi zao zikisaidiana, mahitaji huongezeka, na thamani ya kazi hupanda pamoja na bei za vitu.

Lakini fundi wa zama za Ibn Khaldun alifungwa na mji wake. Mwashi wa Tlemcen hakuweza kuinua ukuta wa nyumba ya Fez huku amelala kwake. Mwili wake na kazi yake vilikuwa mahali pamoja, kwa hiyo bei ya mahali na bei ya kazi zikawa kitu kimoja, na hakuna aliyelazimika kuzitenganisha.

Zama zetu zimevitenganisha. Mwezi Julai 2009 mkonge wa baharini wa SEACOM ulianza kutoa huduma katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, iliyokuwa ghali na ya taratibu. Tangu hapo kazi ya kijana wa Temeke iliweza kufika California kwa muda mfupi kuliko wa kufumba na kufumbua, na yeye mwenyewe asitoke chumbani.

Kisha ukaja mwaka 2020 na maradhi ya Uviko-19. Makampuni makubwa ya Marekani yaliwaambia watu wao wafanyie kazi majumbani, na wengi wakahama miji ya gharama kubwa. Mwezi Mei mwaka huo Mark Zuckerberg, mkuu wa Facebook, alitangaza kuwa wafanyakazi watakaoruhusiwa kuhama mishahara yao itarekebishwa kulingana na mahali watakapokwenda, na akawaonya wasioeleza ukweli wa mahali walipo kwamba watakabiliwa na hatua kali. Mwaka 2021 kampuni ya Google iliwapa wafanyakazi wake kikokotoo cha kuwaonyesha mshahara utakuwaje wakihama, na mwezi Agosti shirika la habari la Reuters liliripoti kuwa wapo ambao wangepungukiwa hadi asilimia 25.

Yapo yaliyokwenda njia nyingine. Kampuni ya Basecamp, ambayo watu wake wametawanyika katika nchi mbalimbali, ilitangaza mwishoni mwa mwaka 2017 kuwa itamlipa kila mtu kwa viwango vya San Francisco, ingawa haikuwa na mfanyakazi hata mmoja aliyeishi San Francisco. Mwezi Oktoba 2020 kampuni ya Reddit iliondoa tofauti za mishahara kwa maeneo ndani ya Marekani, na mwezi Aprili 2022 Airbnb ikatangaza kiwango kimoja kwa kila nchi. Lakini angalia, ndugu msomaji: uadilifu huo wa Reddit na wa Airbnb uliishia kwenye mipaka ya nchi. Mwenye kuishi kijijini Marekani alilinganishwa na mwenye kuishi mjini kwao. Kijana wa Dar es Salaam hakuwamo katika hesabu hiyo.

Kisa cha kisima

Katika mjadala huu kuna kampuni moja ambayo habari zake zina mazingatio makubwa, nayo ni GitLab. Programu yake ilianzishwa mwaka 2011 na kijana wa Ukraine, Dmytro Zaporozhets. Historia iliyoandikwa na kampuni yenyewe inasimulia kuwa wakati huo aliishi katika nyumba isiyo na maji ya bomba, akawa anachota maji kisimani. Pamoja na hayo, kilichomsumbua zaidi kilikuwa kukosa chombo kizuri cha kufanyia kazi pamoja na wenzake, akaamua kukitengeneza. Baadaye alijiunga naye Mholanzi Sid Sijbrandij, wakaanzisha kampuni, na mwezi Oktoba 2021 hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la Nasdaq huko New York.

Mtu aliyechota maji kisimani aliandika programu iliyotumiwa na mashirika makubwa duniani. Hakuna mteja aliyesema kuwa programu hii ipunguzwe bei kwa kuwa nyumba ilimoandikwa haina bomba. Na hata hivyo, kampuni hiyo hiyo imejulikana mno kwa kutetea mishahara inayofuata mahali: iliweka hadharani kanuni yake ya mishahara, na ndani yake mlikuwamo kigezo cha mahali anapoishi mfanyakazi. Simtaji mtu huyu ili kuikejeli kampuni. Kwa kuiweka kanuni yake hadharani ilifanya uungwana ambao wengi hawaufanyi. Nimemtaja ili tuone kuwa thamani ya kazi na hali ya nyumba ya mfanyakazi ni vitu viwili mbalimbali.

Hoja za wenye kutofautisha

Uadilifu unatutaka tumsikilize na mwenye hoja ya upande wa pili. Wenye kutofautisha mishahara wana hoja tatu zenye uzito.

Ya kwanza wanasema: sisi hatumlipi mtu kwa bei ya mkate na kodi ya nyumba, bali kwa bei ya soko la wafanyakazi pale alipo. Programu zinahitaji watu wengi. Tukimlipa kila mmoja kwa bei ya San Francisco tutaajiri wachache, na wa kwanza kuachwa watakuwa hao walio mbali.

Ya pili wanasema: mshahara wa California ukishushwa Dar es Salaam utamfunga mfanyakazi. Atabaki katika kazi asiyoipenda kwa sababu hapati mfano wake popote.

Ya tatu inatuhusu sisi wenyewe. Mshahara wa ng'ambo, hata ukiwa theluthi ya ule wa California, ni mkubwa kuliko uwezao kulipwa na hospitali zetu, shule zetu na mabenki yetu. Kila unapopanda, taasisi za hapa zinazidi kupoteza vijana wao hodari. Mwenye kusimamia shule ya Kiislamu anayetafuta kijana wa kumtengenezea programu ya ada na matokeo anayajua ninayoyasema.

Hoja hizi si za kupuuzwa. Lakini mara nyingi mfanyakazi haambiwi hoja hizi. Huambiwa neno jingine, jepesi na la upole: "Maisha kwenu ni rahisi." Neno hilo ndilo linalotaka kupimwa.

Ujira si nafaka ya nyumbani

Mafakihi wametofautisha baina ya vitu viwili: nafaka, yaani matumizi anayopewa mke, mtoto na mzazi, na ujira, yaani malipo ya kazi. Nafaka hutazama mahitaji ya anayepewa, desturi ya mahali na uwezo wa mtoaji. Ujira ni bei. Ni badala ya manfaa ambayo mwajiri ameyapata, kama vile thamani ya kitu ni badala ya kitu. Katika Suratut-Talaq mambo haya mawili yamekaa jirani: aya ya 6 inataja ujira wa mama anayenyonyesha na kuwaamrisha watu washauriane kwa wema, na aya ya 7 inataja matumizi, ikamtaka kila mtu atoe kwa kadiri ya wasaa aliopewa.

Sasa mwajiri anaposema, "Ninakulipa kidogo kwa sababu chakula na kodi ya nyumba kwenu ni rahisi," ameondoka katika mlango wa ujira akaingia katika mlango wa nafaka. Basi na tumpokee huko alikoingia, tuone kama atazikubali hukumu zake. Kama malipo haya ni nafaka, mbona kijana huyu alipooa hakuongezewa? Mbona mama yake alipolazwa hospitali hakuna aliyeuliza gharama? Kisha katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, nafaka ya mke hupimwa kwa hali ya mume: tajiri hutoa zaidi na masikini hutoa kwa uwezo wake. Kampuni tajiri ikitaka kulipa kwa kipimo cha nafaka, itazamwe na utajiri wake yenyewe. Haiwezekani kuchukua katika nafaka lile linalopunguza tu, na kuliacha lile linaloongeza.

Isitoshe, neno kwamba maisha kwetu ni rahisi lina ukweli nusu. Kodi ya chumba na bei ya mchicha ni nafuu, hilo halina ubishi. Lakini kompyuta ya kazi haiuzwi kwa bei ya mchicha. Mara nyingi huku kwetu ni ghali zaidi baada ya usafiri na ushuru. Mwaka 2023 tulikuwa na mgao wa umeme, hali ikaanza kupata nafuu baada ya mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere kuwashwa Februari 2024. Kisha Mei 2024 mikonge ya SEACOM na EASSy ikakatika, na intaneti ikadorora katika nchi zetu. Kijana huyu hununua betri, mafuta ya jenereta na vifurushi vya akiba kwa fedha zake, ili mwajiri aliye mbali asijue kuwa huku umeme umekatika. Mwenzake wa California hana gharama hizo.

Ipo pia ibra katika kisa cha Nabii Musa (A.S.) kilichomo katika Suratul-Qasas. Alifika Madyan akiwa mkimbizi, hana kwao wala hana kitu, ameketi kivulini akimwomba Mola wake kheri yoyote. Kama ujira hupimwa kwa udhaifu wa mfanyakazi, hakuna aliyekuwa rahisi kumpata kuliko yeye siku ile. Mlo mmoja ungemtosha. Lakini binti wa yule mzee alimsifu kwa nguvu na uaminifu, na mzee akamtajia muda unaojulikana na malipo yanayojulikana, akamwahidi kuwa hatamtaabisha. Alitazamwa kwa sifa zinazohitajiwa na kazi. Njaa yake haikuingizwa katika bei.

Je, ni dhulma?

Hapa ndipo nilipomjibu yule mzee swali lake la kwanza, na sikumjibu kwa neno moja.

Nilimwambia: ujira uliotajwa, ukajulikana na kukubaliwa na pande mbili kwa ridhaa, ndio unaowajibika, hata kama mwingine anapata zaidi. Mwanao aliutia saini mkataba, na kila mwezi anapewa alichoahidiwa. Kwa hiyo hamdai mwajiri wake deni, na fedha anayoipata ni halali yake isiyo na shaka. Dhulma kubwa aliyoionya Mtume (S.A.W.) katika hadithi aliyoipokea Imam Bukhari ni ya mtu anayeichukua kazi yote ya mwajiriwa kisha asimpe ujira wake, na huyu amepewa.

Lakini uhalali wa mkataba ni jambo moja na uadilifu ni daraja ya juu yake. Yapo mambo manne ambayo yakiingia, tofauti hii ya mishahara huvuka mpaka.

La kwanza ni kufichwa kwa bei. Mtume (S.A.W.) alikataza watu wa mjini kutoka nje ya mji kuupokea msafara na kununua bidhaa kabla wenye mali hawajafika sokoni wakajua bei, na katika mapokezi ya Imam Muslim, mwenye mali akishafika sokoni ana hiari ya kuuvunja uuzaji ule. Kijana wetu anafanana sana na mwenye msafara yule. Ameletewa mnunuzi mlangoni kwake, hajaliona soko, na anakatazwa kumwuliza mwenzake analipwa nini. Siku anapoijua bei, haki ya chini kabisa ni kwamba asikilizwe upya bila ya kutishwa.

La pili ni dalali anayekula sehemu kubwa. Mwezi Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani liliandika habari za vijana wa Nairobi waliofanya kazi ya kusoma na kuyapanga maandishi machafu, ili mashine za kampuni ya OpenAI zijifunze kuyaepuka. Waliajiriwa na kampuni ya kati iitwayo Sama. Gazeti liliripoti kuwa mikataba ilitaja malipo ya dola 12.50 kwa saa kwa kampuni hiyo ya kati, na wafanyakazi wakabakiwa na kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kampuni ilijitetea kuwa kiasi kile kilibeba gharama zote za uendeshaji. Kazi hiyo si ya kuandika programu, lakini mizani ni ile ile: tofauti ikizidi mno, na anayeibeba kazi akiwa ndiye mwenye fungu dogo kuliko wote, ridhaa yake huwa ni ridhaa ya mwenye shida.

La tatu ni kupunguza katikati ya mkataba. Kumwajiri mtu kwa bei fulani ni mapatano. Ama kumpunguzia kwa sababu amerudi kwao kumuuguza mama yake, na hali kazi yake haikupungua hata kidogo, ni kuuvunja mkataba, ila kama sharti hilo lilitajwa tangu mwanzo naye akaridhia.

La nne ni kumtwisha aliye mbali hasara zote: vifaa vyake, umeme wake, maradhi yake, na kuachishwa bila ya taarifa, wakati mwenzake wa California analindwa katika hayo yote.

Ama mwajiri aliyesalimika na hayo manne, akasema kwa ukweli, "Hii ndiyo bei niliyoweza kuipata, ukitaka karibu," huyo ni mfanyabiashara, hatumwiti dhalimu. Ila tunamkumbusha kuwa mteja wake hununua programu moja kwa bei moja, hamwulizi ni mkono wa nani ulioiandika. Na ile tofauti anayobaki nayo haikutokana na upungufu wowote katika kazi ya kijana wetu.

Anuani ya binamu

Swali la pili lilikuwa jepesi kwa hukumu na zito kwa moyo. Mzee aliniuliza: "Kama hoja yao ya mahali haina nguvu, mwanangu akidanganya mahali, si atakuwa amechukua haki yake tu?"

Nikamwambia hapana. Hoja dhaifu ya mwenzako haikugeuzi wewe kuwa mkweli. Mkataba umetaja mahali kuwa ni sharti, naye ameliridhia. Akiandika anuani ya uongo, kila mwezi atakaopokea ile nyongeza ataipokea kwa ghushi, na Mtume (S.A.W.) alijitenga na mwenye kughushi. Zaidi ya hayo, mwenye kudai anaishi Uingereza anajiingiza katika kodi ya Uingereza na bima ya Uingereza, na huku kwetu, anakoishi kwa kweli, ataonekana ameficha kipato. Siku uongo utakapojulikana, na katika kazi hii kompyuta yenyewe husema mtu yuko wapi, hatafukuzwa yeye peke yake. Atakayeomba kazi baada yake kutoka Dar es Salaam ataambiwa: hao tumeshawajaribu.

Njia ya halali ipo, ingawa ni ndefu. Aombe waziwazi. Akusanye kazi zake za mwaka, aonyeshe alichokifanya na manfaa yake. Aulize viwango vya kazi kama yake katika makampuni yasiyotazama mahali. Asitaje umasikini wa nyumbani kwao, kwa sababu akitaja shida yake amekubali tena kipimo cha nafaka, ataje kazi. Kama hawataki kuuinua mshahara, aombe walau kompyuta, intaneti na umeme viwe juu ya mwajiri, na taarifa ya kuachishwa iwe sawa kwa wote. Na kama akipata penye bei bora, atimize muda wa taarifa yake na aondoke kwa wema.

Binti wa Lushoto

Nilidhani maneno yetu yamekwisha. Alipokuwa anaaga, akaja msichana akimletea ujumbe kutoka nyumbani, kwamba wageni wamefika. Nikamwuliza, "Huyu ni nani?" Akasema, "Ni binti wetu wa kazi, anatoka Lushoto." Nikamwuliza anamlipa nini kwa mwezi. Akanitajia. Nami nikamwuliza tena, "Mbona kidogo hivyo, na jirani yako wa mtaa wa pili anampa wake karibu mara mbili?"

Akanijibu haraka, bila ya kufikiri: "Sheikh, huyu anatoka kijijini. Kwao huko fedha hiyo ni nyingi."

Kisha akanyamaza. Nami nikanyamaza, kwa kuwa si yeye peke yake mwenye kulisema neno hilo. Nimelisikia nyumbani kwangu, na nilikuwa nimelisema mimi mwenyewe.

Ndugu msomaji, hapa ndipo mas'ala haya yanapotoka California na kuingia jikoni kwetu. Binti huyu haoshi vyombo vya kijijini kwao. Anaosha vyombo vya Dar es Salaam, anamlea mtoto wa Dar es Salaam, anaamka kabla ya adhana ya Alfajiri ya Dar es Salaam. Manfaa yote yanabaki kwetu, na bei tunaipima kwa umasikini wa alikotoka. Hatumwambii majirani wanalipa nini, na hatupendi akutane na wasichana wenzake "wakamharibu akili". Huko ndiko kuupokea msafara nje ya mji. Tunamwacha aende kwao kumzika ndugu yake, tukamkata siku zile. Yale manne niliyoyahesabu kwa makampuni ya ng'ambo, tuyahesabu na majumbani mwetu.

Sheria ya nchi imejaribu kuligusa jambo hili. Amri za kima cha chini cha mshahara za mwaka 2013 na mwaka 2022 ziliwapanga wafanyakazi wa nyumbani kwa mafungu, zikaweka kima cha juu zaidi kwa anayefanya kazi kwa mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa. Maana yake ni kwamba sheria ilitazama uwezo wa mlipaji, haikutazama udhaifu wa mlipwaji. Ni kinyume kabisa cha ile kauli ya "kwao huko fedha hiyo ni nyingi".

Basi tukitaka watoto wetu wapimwe kwa kazi ya mikono yao, tuanze kupima hivyo sisi wenyewe. Hatuwezi kuidai mizani sawa kutoka San Francisco wakati iliyoko jikoni kwetu imeinama. Mwenyezi Mungu ametaja maangamio ya wapunjao katika Suratul-Mutaffifin, nao ni wale ambao wakipimiwa hutaka kutimiziwa, na wao wakiwapimia watu hupunguza. Sura hiyo haikubagua baina ya mwenye kampuni na mwenye nyumba.

Hadi ninapoandika makala haya, kijana yule hajaiandika anuani ya binamu yake. Amemwandikia msimamizi wake barua ya kurasa mbili, ameeleza kazi zake na kuomba mshahara wake utazamwe upya, na bado anangoja jibu. Namwombea apate, na asipopata, namwombea apate mahali bora.

Ama binti wa Lushoto, mshahara wake umeongezwa tangu mwisho wa mwezi uliopita. Mzee hakuniambia. Nimeambiwa na mke wangu, aliyesikia kwa mama wa nyumba ile, siku aliponiuliza ni lini na sisi tutaongeza.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kutimiza vipimo, wakipimiwa na wakipima. Wallahu a'lam.